Mpole kwa Nani? Mjadala wa Tangi Moja la Samaki Nchelenge

Hoja iliyo mezani ni hii. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, anataka tangi la kioo ukumbini: urefu mita 1.2, upana na kimo nusu mita, yaani lita 300 likijazwa pomoni. Anataka mimea hai, na anataka samaki wasiopigana. Kijana aliyejifunza ufugaji wa samaki wa mapambo Kigoma amemshauri maji yawe magumu na samaki wawe sikilidi wa Ziwa Tanganyika. Mvuvi mzee wa Kashikishi anaona ushauri huo ni tusi kwa ziwa lililo mlangoni. Mwalimu wa biolojia ameitwa kuamua, kazi ambayo walimu hawajui kuikataa.

Sauti hizi nne nimezitunga mimi, na tangi lenyewe halipo. Samaki wapo, na yanayosemwa juu yao ni ya kweli. Kiswahili chao ni kile kinachovuka maji pamoja na magunia ya samaki wakavu kati ya Kashikishi na mji wa Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Msomaji wa pwani asichanganyikiwe: kisiwa cha Kilwa kilichomo humu ziwani ni cha Zambia, na hakina magofu ya masultani.

MVUVI: Mimi nauliza jambo moja tu. Ziwa hili hapa. Samaki waitwao pale wamo, makobo wamo, na wengine ambao hata watoto wanawavua kwa ndoana ya pini. Kwa nini mama alipie samaki atoke Mpulungu kule Tanganyika, avuke Kaputa kwa lori, afike huku amechoka kuliko abiria?

MFUGAJI: Mzee, pale ni samaki wa sufuria. Akikomaa, tangi hili litambana. Na kabla hajakomaa atakuwa ameshakula mimea ya mama na kuchimba mchanga wote atengeneze kiota. Sisemi ni samaki mbaya.

MVUVI: Nani amekutajia pale peke yake? Wapo wadogo wa kwenye matete, urefu wa kidole, dume akipendeza ana rangi ya dhahabu na buluu.

MWALIMU: Hapo mzee amegusa jambo kubwa kuliko anavyodhani. Hao wadogo wengi wao ni wa jenasi ya Pseudocrenilabrus. Mwaka 2019 jarida la Nature Communications lilitoa utafiti ulioongozwa na Joana Meier, Ole Seehausen akiwa miongoni mwa waandishi, uliofanywa kwenye sikilidi wa Mweru. Walikuta spishi mpya zaidi ya 40. Ziwa lilipoanza kujaa, kama miaka milioni 1 iliyopita, koo za samaki kutoka upande wa mto Kongo zilikutana na koo za upande wa Zambezi, zikazaliana, na kutokana na machotara hao zikachipuka spishi za kila namna: wala konokono, wala samaki wenzao, wala vijidudu vya maji ya kati. Wengi wao hawana hata jina rasmi la kisayansi.

MVUVI: Majina wanayo.

MWALIMU: Kwa Kibemba, ndiyo, japo jina moja linaweza kuwabeba kumi.

MFUGAJI: Na hilo ndilo linalonitisha, Mwalimu. Samaki ambaye hajafugwa na watu wengi, nitamwambiaje mama kwamba ni mpole? Ninaowajua wa jenasi hiyo, dume akishika eneo humfukuza jike usiku na mchana. Ziwani jike atakwenda zake. Kwenye kioo cha mita moja na kidogo anakwenda wapi? Halafu kuna maji. Samaki wa Mweru ni wa maji laini.

Hapa mjadala ungeweza kuhamia kwenye sabuni, kwa sababu ndiyo njia ambayo kila nyumba inaujua ugumu wa maji: maji laini hutoa povu upesi, maji magumu hula sabuni. Lakini Mwalimu hakukubali kuishia kwenye beseni la kufulia.

MWALIMU: Mweru inalishwa na Luapula, na Luapula inatoka kwenye vinamasi vya Bangweulu. Ni maji ya mvua yaliyopita juu ya miamba mikongwe isiyoachia madini mengi, na yakishafika hapa hayakai sana, yanatokea Pweto kwa mto Luvua. Tanganyika ni kinyume. Lile ni bonde lenye kina cha mita 1,470, maji yake yanaingia na kutoka polepole mno, na sehemu kubwa ya madini yake inaletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, nchi ya volkeno. Ndiyo maana pH ya Tanganyika iko karibu na 9, na magnesiamu yake ni nyingi kuliko kalsiamu. Samaki waliokaa humo mamilioni ya miaka wameyazoea. Hapa katikati tuna Mweru Wantipa, yenye chumvichumvi. Maziwa matatu jirani, na maji ya kila moja hayafanani na ya mwenzake.

MAMA: Kwa hiyo mnataka nichukue maji laini ya hapa bure, halafu nilipe pesa yawe magumu.

MFUGAJI: Si pesa nyingi, mama. Mawe ya chokaa, mchanga wenye magamba yaliyosagika, soda ya kuumulia mandazi kwa kupandisha pH, chumvi ya Epsom kwa magnesiamu. Kinachotakiwa ni uthabiti. Unachanganya kwenye pipa siku moja kabla, ndipo unabadilisha robo ya maji. Samaki huvumilia namba isiyo kamili kuliko namba inayopanda na kushuka kila wiki.

MWALIMU: Mwambie na upande wa hatari, usimfiche. Uchafu wa samaki hutoa amonia. Kwenye maji ya pH 7, karibu yote iko katika umbo lisilodhuru sana. Iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi moja ni sumu. Chakula kilekile kilichozidi kwenye tangi la maji laini analolitaka mzee kingeleta harufu tu. Kwenye tangi lako kitaleta misiba.

MVUVI: Afadhali umesema wewe.

Nikiwa msikilizaji asiyetakiwa kupiga kura, nitasema mzee alikuwa na nguvu hapa, na hakujibiwa sawasawa. Anayekaa kando ya maji laini akaamua kufuga samaki wa maji magumu amejitwika kazi ya kila wiki kwa sababu ya kupenda. Sababu hiyo inatosha kwa mfugaji. Kama inamtosha mwenye nyumba ya wageni ni suala jingine, ila Mama alikuwa ameshaonyeshwa picha, na picha za samaki wa Tanganyika zimeshawahi kuwashinda watu wenye misimamo mikali zaidi.

MAMA: Tuseme maji yamekubali. Nitajie samaki mpole.

MFUGAJI: Wa kwanza ni brichardi, au ndugu yake pulcher. Mapezi marefu kama uzi, rangi ya maziwa na chai, ncha za buluu. Hatafuni mimea. Wanakaa kwa ukoo: baba, mama, wadogo wa kila rika, na wakubwa wanasaidia kulea.

MWALIMU: Hao wamesomwa sana, na sehemu muhimu ya kuwasoma iko Zambia hii hii, Kasakalawe karibu na Mpulungu, ambako timu ya Michael Taborsky wa Chuo Kikuu cha Bern imezamia kwa miaka mingi. Unayosema ni kweli. Wasaidizi hupepea mayai, husafisha pango, huondoa mchanga, na hulinda. Sasa jiulize hulinda dhidi ya nani.

MAMA: Dhidi ya nani?

MWALIMU: Ya yeyote asiye wa ukoo. Ndani ya familia wana adabu kubwa. Mdogo humwinamia mkubwa, asiyefanya kazi hufukuzwa. Nje ya familia ni jeshi. Weka jozi moja kwenye lita 300 na samaki wengine kumi. Baada ya vizazi vitatu, hao kumi watakuwa wamebanana kwenye kona ya juu, karibu na hita, wanasubiri kufa.

MFUGAJI: Wakiwa peke yao, lakini?

MWALIMU: Wakiwa peke yao ni tangi zuri sana. Sio alilolitaka mama. Ametaka mchanganyiko.

Mabishano mengi kuhusu sikilidi wapole huvunjika mahali hapa, na watu wengi hawapaoni. Muuzaji akisema samaki ni mpole, huwa hasemi mpole kwa nani. Mpole kwa mimea, kama yule asiyekula majani? Mpole kwa wenzake wa aina moja? Kwa jirani? Kwa watoto wa jirani? Brichardi anafaulu wa mimea na kuanguka wa jirani, na huo wa jirani ndio uliokuwa na maana kwa Mama. Ninaamini hapa Kijana alikuwa amejibu swali la tangi lake mwenyewe.

MFUGAJI: Basi tuanze chini. Kuna sikilidi wadogo kuliko wote, multifasciatus. Mkubwa wao hazidi sentimita 5. Kila mmoja ana gamba lake la konokono, anaishi humo, anazaa humo. Magamba ya konokono Neothauma yametandazwa chini ya Tanganyika, na samaki hawa wamo upande wa Zambia kabisa. Mgogoro wao hauvuki urefu wa mkono wako. Samaki akipita juu hawana habari naye.

MVUVI: Nyumba ya konokono! Na nani anawapangia hizo nyumba?

MWALIMU: Wenyewe huchimba na kuyafukia mpaka mdomo tu uonekane. Ila wapo jamaa zao, callipterus, ambao dume hubeba magamba kwa mdomo na kuyarundika, kisha majike huingia. Dume huyo huwa na uzito zaidi ya mara 12 ya jike. Hakuna mnyama mwingine ajulikanaye ambaye dume humzidi jike wake kwa kiasi hicho. Inabidi awe mkubwa kubeba gamba, na jike awe mdogo kuingia.

MVUVI: Huyo ndiye nimempenda.

MFUGAJI: Huyo hatumleti, mzee. Atayahamisha magamba ya wenzake na watoto wakiwa ndani.

MAMA: Hawa wadogo wanaochimba. Mimea yangu je?

MFUGAJI: (akakiri polepole) Wanang'oa. Hawali, ila mche ukipandwa karibu na magamba utaelea asubuhi.

MWALIMU: Ndiyo maana uamuzi wa mimea utangulie wa samaki. Upande mmoja wa tangi uwe mchanga na magamba, bila kitu kilichopandwa. Anubias haihitaji udongo. Unaifunga kwa uzi juu ya jiwe, mizizi inashika yenyewe, majani yake ni magumu na machungu kiasi kwamba samaki wengi huonja mara moja wakaacha. Ni mmea wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na hujali ugumu wa maji kidogo sana. Upande wa pili, nyuma, Vallisneria, yale majani marefu kama mikanda. Hiyo inaota ndani ya Tanganyika yenyewe. Mimea mingi ya madukani hudhoofika kwenye maji magumu yenye pH ya juu kwa sababu hewa ya kaboni iliyo huru ni kidogo mno. Vallisneria inaweza kuichukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti, ambazo ndizo zimejaa kwenye maji hayo. Ceratophyllum pia. Na hiyo inakunywa amonia kwa kasi, kwa hiyo ni mlinzi wako zaidi ya pambo.

MVUVI: Hiyo ya mwisho, inayoelea kama mkia wa paka? Hiyo nakuletea bure.

MAMA: Na kichocho chake?

Swali zuri kuliko yote ya jioni hiyo, na lilitoka kwa asiyesoma biolojia. Mimea ya ufukoni huja na konokono wake, na baadhi ya konokono wa maziwa yetu hubeba vijidudu vya kichocho. Mwalimu alimwambia aweke mimea kwenye ndoo ya maji safi, aisafishe kwa glavu, aondoe kila konokono na kila utando wa mayai, arudie baada ya siku chache, na maji ya ndoo yamwagwe juani mbali na ziwa. Mama alisema atanunua ya dukani.

MAMA: Wa katikati?

MFUGAJI: Juu ya mawe tuweke jozi moja ya Julidochromis, mwembamba, mistari myeusi, anaogelea tumbo likitazama mwamba hata kama mwamba uko juu yake. Kuna dickfeldi, anayepatikana kwenye pwani ya Zambia, na ornatus. Jozi moja tu. Na mawe ukishayapanga, usiyaguse.

MVUVI: Kwa nini nisiguse mawe?

MFUGAJI: Wanajuana kupitia nyumba yao. Ukihamisha mawe ili usafishe, mume na mke wanaanza upya kugombea mipaka, na asubuhi mmoja yuko kwenye kona mapezi yamechanika. Nimeliona hili si mara moja.

MWALIMU: Kwa hiyo huyo ni mpole kwa sharti. Sawa. Bado juu kote ni tupu.

MFUGAJI: Juu ni Cyprichromis leptosoma. Mwalimu, hapa huna la kunipinga. Hana eneo chini, anakaa maji ya wazi, anakula vijidudu vinavyoelea, jike anaatamia mayai mdomoni. Madume hutunishiana mapezi ya buluu na mikia ya njano, lakini wanashindania hewa tu, hakuna ukuta wa kulinda. Kundi la kumi au kumi na wawili, si watatu. Wakiwa watatu mmoja anaonewa, wakiwa kumi na wawili uonevu unagawanyika mpaka haumdhuru mtu.

MWALIMU: Sina la kupinga ila kifuniko.

MFUGAJI: Kifuniko, kweli. Wanaruka. Taa ikiwashwa ghafla gizani, utawaokota sakafuni.

MAMA: Na umeme wenyewe huu wa kukatika na kurudi unavyotaka.

MFUGAJI: Basi taa iwake kwa kuchelewa, tutafunga kifaa. Na pampu ndogo ya hewa ya betri. Mwaka 2024, mgao ulipokuwa mrefu, tangi lisilo na betri lilikuwa sanduku la maiti.

Kulikuwa na majina mengine yaliyopita haraka. Calvus, bapa kama sahani, ambaye hamgombezi mtu ila hunyemelea vifaranga kwenye nyufa na kuwameza mmoja mmoja. Mama alimkataa, Mwalimu alimtaka, na mimi ningemchukua, kwa sababu multifasciatus huzaa kupita kiasi na lazima mtu afanye kazi hiyo. Tropheus alikataliwa na wote: hula mwani siku nzima na kupigana saa zilizobaki. Labidochromis wa njano kutoka Ziwa Malawi alipata kura ya Mvuvi kwa rangi yake. Kati ya samaki wa miamba ya Malawi huyo ni mtulivu kweli, na hatafuti majani bali wadudu na vikonokono, lakini ana nguvu kuliko hawa wadogo wa magamba, na chakula angekifikia kwanza kila mara. Akaachwa.

MWALIMU: Kambale wa madoadoa usimsahau, Synodontis.

MFUGAJI: Yupi? Yule multipunctatus hapana. Anapenyeza mayai yake jike wa sikilidi anapotaga, jike anayaokota pamoja na yake, na kule mdomoni watoto wa kambale wanaanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye mdomo.

MWALIMU: Tetsu Sato aliyaeleza hayo kwenye Nature mwaka 1986. Ndege tulikuwa tunawajua kwa ujanja huo. Samaki hatukujua.

MAMA: Mgeni wa aina hiyo nimeshawahi kumpangisha. Asije.

MVUVI: Sasa niulize. Hao wa magamba, umesema wanazaa kupita kiasi. Tangi likijaa?

MAMA: Ziwa si lipo?

Kijana na Mwalimu walisema hapana kwa pamoja, jambo lililotokea mara moja tu katika mjadala mzima.

MVUVI: Kwa nini hapana? Kapenta wa Tanganyika walipelekwa Kariba 1967 na 1968, na leo nchi nzima inawala. Nani alilia?

MWALIMU: Kariba lilikuwa bwawa jipya lililotengenezwa na binadamu, maji ya katikati hayakuwa na mwenyewe. Tazama Kafue. Samaki aitwaye sato, wa mto Naili, alitoroka kwenye mabwawa ya ufugaji, akazaliana na perege wa pale, na sasa wa asili safi wanatafutwa kwa darubini. Mweru ina spishi zaidi ya 40 ambazo hatujamaliza kuzipa majina. Na sheria ipo: kuhamisha samaki kutoka ziwa moja kwenda jingine ni jambo la Idara ya Uvuvi, na uende na barua kabla hujaenda na ndoo.

MVUVI: Kwa hiyo samaki wa ziwa langu hawafai kwa tangi lenu, na samaki wa tangi lenu hawafai kwa ziwa langu.

MFUGAJI: La pili ni kweli, mzee. La kwanza nimelisema kwa haraka.

MVUVI: Basi lirudishe.

MFUGAJI: Nalirudisha hivi: kwenye tangi hili hawafai. Wakiwa na lao, maji ya hapahapa bila soda wala chumvi, dume mmoja na majike watano, matete yamejaa kiasi cha jike kupotea, sijui mtu anayeweza kusema hawafai.

MVUVI: Nitawaleta mimi. Lakini si sasa, ziwa limefungwa kwa uvuvi mpaka Machi.

MFUGAJI: Machi ni sawa. Uwalete na maji yao, usiwachanganye wa kisiwani na wa huku ufukoni hata kama wanafanana.

MVUVI: Hawafanani. Wa kisiwani kichwa ni kirefu.

MWALIMU: Hilo, mzee, liandike mahali.

MAMA: Ngojeni kwanza. Mnapanga tangi la pili, na la kwanza hakuna aliyeniambia bei ya kioo.